Kigango si pambo
Kigango hakihamishwi. Hata ukoo ukigura, nguzo hiyo ya mti mgumu, iliyochongwa kwa heshima ya marehemu wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, hubaki pale iliposimikwa mpaka mchwa waimalize. Na kwa mila ya Wagiriama, mchwa ana haki nayo kuliko tajiri yeyote wa ng'ambo. Lakini vigango vingi viling'olewa usiku, vikauzwa kwa wenye maduka ya vinyago, vikaishia Marekani vimeegemezwa ukutani. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois liliirudishia Kenya vigango 37. Tumeshangilia, sawa. Ila misitu ya kaya, makazi matakatifu ya kale ya Wamijikenda wakiwemo Wagiriama, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ingali inanyemelewa na wakata mbao, wachoma makaa na wenye tamaa ya viwanja. Huko mzee anamkataza mgeni hata kuvunja kijiti, huku msumeno ukinguruma upande wa pili. Serikali za kaunti za Kilifi na Kwale ziwalipe walinzi wa kaya mshahara, na polisi waanze na mnunuzi wa vigango, si kijana aliyetumwa kuving'oa.