Ukuta Si Ujirani

Siku si nyingi utamaliza masomo, utashika kazi, nawe utatafuta pa kukaa. Kazi yako ikiwa Nairobi, utaonyeshwa njia mbili. Ya kwanza ni mtaa mdogo wa nyumba thelathini au hamsini, uliozungushiwa ukuta, wenye lango moja na mlinzi aandikaye jina la kila ajaye. Ya pili ni kiunga kipana kinachokua kila siku, kama Ongata Rongai, Kitengela au Ruiru, penye soko, shule, misikiti, makanisa, matatu, vumbi na kelele. Wengi watakushauri uichague ya kwanza ukiimudu. Mimi nakusihi uichague ya pili.

Kwanza na tuwape haki yao wapendao ukuta. Hawasemi uongo. Ndani ya lango watoto hucheza bila kuogopa magari. Kisima hutoa maji mabomba ya mji yakikauka. Na usiku mtu hulala usingizi. Aliyevunjiwa nyumba halaumiwi kwa kutamani mlinzi.

Lakini tazama jinsi amani hiyo inavyonunuliwa. Kila mwezi wenyeji huchanga fedha za mlinzi, za maji, za taka na za taa za njiani. Mtu akiisha kujinunulia maji yake, hukoma kuuliza kwa nini bomba la wote limekauka. Akiisha kumlipa mlinzi wake, giza la nje ya ukuta si shauri lake tena. Na watu hawa aghalabu ndio wenye elimu na nafasi, wajuao kuiandikia barua serikali ya kaunti na kusimama mkutanoni. Ukuta basi haumzuii mwizi tu; huzuia na sauti. Kiunga hupokonywa wateteaji wake hodari, na aliyebaki nje huongezewa mzigo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 184, yaagiza sheria iwape wakaaji wa miji nafasi ya kushiriki katika utawala wa miji yao. Nafasi hiyo itatumiwa na nani, ikiwa kila awezaye amejifungia? Kumbuka pia kwamba Nairobi, iliyoanza mwaka 1899 kama kituo cha reli, iligawanywa na wakoloni kwa rangi: Wazungu huku, Wahindi kule, Waafrika kwingine. Ubaguzi wa rangi tuliukataa. Je, tuukaribishe ubaguzi wa mfuko kwa kuwa umejengewa lango zuri?

Tena ukuta ni mfupi kuliko tudhanivyo. Akaaye ndani hupita barabara ile ile yenye mashimo. Mpishi wake na mlinzi wake wana makao yao nje. Kipindupindu hakiandikishi jina langoni. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mji wa Gede, karibu na Malindi, ulikuwa na kuta, msikiti mkuu na nyumba za mawe. Lakini katika karne ya 17 ulikuwa umekwisha kuwa mahame. Kuta zingaliko hata leo, watu hawako.

Usiniambie kiunga kina taabu, najua. Kaunti ya Kajiado, ambamo mna Rongai na Kitengela, ilikuwa na watu 687,312 katika hesabu ya 2009. Ilipofika 2019 walikuwa 1,117,840. Umati huo wataka shule, mifereji, maji na zahanati, na mambo hayo hayaji upesi. Lakini wengi wanaodai neno moja si rahisi kupuuzwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka: atakayeiponya Rongai ni mkaaji wa Rongai, si mpita njia aliyefunga vioo vya gari.

Basi, ukipata nyumba, tia komeo mlangoni usiku, hapana akukatazaye. Ila komeo liwe la nyumba, lisiwe la mtaa. Mjue jirani wa kulia na wa kushoto. Hudhuria mkutano wa wakaaji, uliza fedha za mfereji zimekwenda wapi, wala usiketi mpaka ujibiwe. Ukifanya hivyo wewe na wenzako wa darasa hili, mlinzi wa mtaa atakuwa ni mtaa wenyewe.