Cheti, mashine ya kushona na picha: halafu hesabu iko wapi?

Wasikilizaji wetu wa Goma, Bukavu, Masisi na Rutshuru, pamoja na ninyi familia ambazo hadi leo mnalala katika nyumba za watu, leo sina habari ya mkutano wala ya ziara ya mkubwa. Nataka kugombana kidogo na wale wanaoandaa mafunzo ya ufundi kwa vijana wetu.

Kila mara ni namna moja. Shirika la kiutu linafika, linaandika majina, linachukua vijana thelathini au hamsini, hasa wale ambao vita iliwakatia masomo. Miezi mitatu, mara nyingine sita. Ushonaji, useremala, ujenzi, umeme wa jua, kutengeneza pikipiki. Siku ya mwisho kuna hema, viti vya plastiki, hotuba ndefu, kisha cheti, kisha mashine ya kushona au sanduku la vifaa. Picha inapigwa. Gari inaondoka.

Ulizeni katika miezi hiyo hesabu ilifundishwa saa ngapi. Ulizeni Kiingereza. Katika vituo nilivyopita, jibu ni sifuri, au ni saa moja ya Ijumaa mchana wakati kila mtu anakusanya vitu vyake aende nyumbani. Na ukiuliza sababu, unajibiwa kwa sauti ya upole: hawa walishindwa shule, tusiwasumbue tena, fundi anahitaji mikono tu. Mimi naita hiyo dharau. Hawakushindwa shule. Shule ndiyo iliyofungwa juu yao, na wengine walikimbia mara tatu kabla ya kumaliza mwaka mmoja.

Tena ni uongo kusema fundi anahitaji mikono tu. Kifua cha mteja kina sentimita 96. Mshonaji anagawa kwa nne, anapata 24, anaongeza 2 za nafasi, anakata 26. Mteja wa pili ana 102. Hapo ni 25 na nusu, ukiongeza 2 unapata 27 na nusu. Kijana aliyekariri 26 bila kuelewa kugawa ataharibu kitenge cha mtu, na kitenge cha mtu kinalipwa. Halafu kuna bei. Tuseme binti analipa dola 15 kwa mwezi kwa mahali pa kushonea, na anashona nguo 20. Kila nguo imebeba senti 75 za kodi kabla hajanunua uzi, sindano na makaa ya pasi. Asiyejua kugawa hivyo anaitisha bei ya jirani yake, anafanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, na mwisho wa mwaka anauza mashine apate chakula. Ripoti ya shirika itaendelea kusema kwamba yeye ni mmoja wa waliosaidiwa.

Nendeni sasa kwa mafundi wa kujenga. Fundi wa zamani anajua kamba ya tatu, nne, tano: unapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kamba ya mita 5 ikifika sawasawa kati ya ncha mbili, kona imenyooka. Ni kanuni ileile ya Pythagore ambayo mwalimu wa sekondari anaiandika ubaoni kwa Kifaransa. Mwalimu huyo hajawahi kushika kamba ya fundi. Fundi naye hajaambiwa na mtu kwamba anachofanya kiko ubaoni. Mwanafunzi amekaa katikati yao: ubaoni haelewi, kazini anafuata tu. Siku atakapopewa nyumba kubwa hatajua kwamba 6, 8 na 10 ni kitu kilekile, na kona ndogo inazaa kosa kubwa kwenye ukuta mrefu. Ukuta utapinda, na ni siku ya kupiga mabati ndipo mwenye nyumba atakapoanza kupiga kelele.

Na pesa je? Tangu Januari 2025, benki za biashara za Goma zilipofunga milango, pesa nyingi zinapita kwa simu. Wakala anakata asilimia yake, na asilimia hiyo yeye ndiye anaisema. Juu ya hayo tunahesabu kwa dola na kwa franka siku ileile, duka moja na duka la pili kila moja na kiwango chake. Kijana anayetumiwa dola 50 na ndugu yake, akakatwa asilimia 6, anapaswa kujua bila kuuliza kwamba 3 zimekwenda. Sizungumzii algebra hapa.

Ninajua watu wengine watanijibu: sawa, tuongeze masaa ya hesabu na Kiingereza, tuwalazimishe. Hapo pia nakataa, na nitawapeleka mbali kidogo, hadi Uingereza, kwa sababu wao walishajaribu njia hiyo. Kule kuna vyuo vinavyopokea vijana wa miaka 16 hadi 18 waliomaliza shule ya lazima, wengi wao kwa ajili ya ufundi. Tangu 2014, kijana ambaye hakufaulu Kiingereza na hesabu akiwa na miaka 16 lazima aendelee kuvisoma chuoni, la sivyo chuo kinaweza kupoteza pesa ya serikali iliyotengwa kwa ajili yake. Wengi wanarudishwa kwenye mtihani uleule. Katika matokeo ya 2025, kati ya waliorudia hesabu wakiwa na miaka 17 na zaidi, ni kama 17 tu kwa 100 waliopata alama ya kufaulu. Kiingereza, ni kama 21 kwa 100. Hao wana umeme darasani, wana vitabu, mwalimu wao analipwa kila mwezi, na kwa wengi wao Kiingereza ndiyo lugha ya nyumbani! Kama somo lililomshinda kijana wa London mara ya kwanza linamshinda tena kwa kurudiwa jinsi lilivyo, nani atuambie kwamba litafaulu Sake chini ya bati la moto?

Kwa hiyo siombi masaa mengi ya ubao. Naomba mwalimu wa hesabu ahamie atelie. Apange somo na fundi, juma kwa juma: juma la kukata suruali ni juma la kugawa na la nusu na robo, juma la kuchanganya simenti na mchanga ni juma la uwiano, juma la betri za jua ni juma la kuzidisha. Betri ya volti 12 na ampea 100 kwa saa ina wati 1,200 za saa moja, na ikiwa ni ya risasi usiitumie zaidi ya nusu. Kijana aliyefanya hesabu hiyo mara moja kwa mikono yake hatamdanganya mama mjane kwamba betri hiyo moja itabeba kila chombo cha nyumba usiku kucha.

Na afundishe kwa Kiswahili kwanza. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia, lakini katika vituo vya ufundi mwalimu anaingia na Kifaransa cha kitabu, na kijana wa miaka 19 aliyeacha shule mwaka wa nne anaona aibu kusema haelewi. Anyamaze, tunasema hana akili.

Kiingereza sasa. Najua kuna wazazi wanaosema hicho ni cha wakubwa, mtoto wangu anataka kula. Mzazi, tazama kibandiko cha betri, karatasi ya dawa ya mimea, kitabu kidogo cha mashine, tangazo la kazi la shirika. Tazama ng'ambo ya mpaka wa Bunagana na wa Kasindi. Kongo ilipokelewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na karatasi nyingi za biashara hiyo ni za Kiingereza. Walio katika makambi ya Uganda wanajua vizuri kuliko mimi: watoto waliosoma Kifaransa miaka mingi wanarudishwa madarasa ya chini pamoja na wadogo zao, kwa sababu ya lugha tu.

Lakini Kiingereza tunachofundisha kinatusaidia nini? Katika mtihani wa Serikali unasoma kifungu na kuchagua jibu kati ya yaliyoandikwa. Unaweza kupata diploma bila kutamka sentensi moja. Vijana wenyewe walishaona tatizo hilo: ndiyo maana Goma na Bukavu kuna vikundi vya Kiingereza ambapo wanakutana kujadiliana, bila vifaa, na wanaozungumza vizuri wengi wamepita humo. Kituo cha ufundi kinashindwa nini kuwaita? Wapewe kibandiko, ankara, na ujumbe wa mteja anayelalamika, waanzie hapo.

Kikwazo kikubwa ni pesa, na hapa mashirika yasijifiche. Bajeti ina mafuta ya gari, ina hema la siku ya mwisho, ina kofia na fulana zenye jina la mfadhili. Mwalimu wa hesabu ndiye anaambiwa ajitolee. Serikali nayo isijifiche: elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi, na kijana aliyevuka umri huo haimfikii.

Watu watasema vita haijaisha, tungoje. Februari 2025 kambi za Bulengo na Lushagala zilivunjwa kwa siku chache. Waliokuwa katikati ya mafunzo waliondoka na walichoweza kubeba kichwani na mgongoni. Mashine ngapi ziliporwa au kuuzwa njiani? Kujua kugawa hakuna aliyeporwa. Ndiyo sababu hesabu ianze juma la kwanza, isiwekwe mwisho wa mwezi wa sita ambao huenda hautafika.

Wazazi, na ninyi vijana, watakapokuja tena kuandika majina, kabla ya kutia sahihi ulizeni mambo haya mbele ya watu: nani atafundisha hesabu, nani Kiingereza, saa ngapi kwa juma, na analipwa na nani. Wakijibu kwamba hayo yataangaliwa baadaye, waambieni waandike jibu hilo kwenye karatasi na waweke sahihi yao chini. Nakala mtuletee hapa redioni, tutaisoma hewani.