Makosa ya Mashujaa wa Katuni



Mwaka jana, wakati wa likizo ya Pasaka, mtoto mmoja wa mtaa wetu alijifunga kitenge cha mama yake shingoni, akapanda juu ya ukuta, akamwita mkubwa wake aje kumdaka. Mkubwa alisimama wima, mikono ameinyoosha mbele, imara kama mti, maana ndivyo alivyowaona mashujaa katika katuni za televisheni. Mdogo akaruka. Akadakwa kweli, lakini mkono wake ulivunjika. Tulipokwenda kumpa pole, yule mkubwa alituuliza kwa uchungu: «Mwalimu, nilimdaka kabla hajagusa chini. Mbona ameumia?»

Swali lake lastahili jibu. Katika sinema hizo, mtu huanguka kutoka kwenye ghorofa ndefu, na Superman humpokea mikononi karibu na ardhi, naye hutabasamu. Kumbe kiumizacho si ardhi. Ni kusimama ghafula. Mtu aangukaye kwa sekunde 3 tu hufikia mwendo upitao kilomita 100 kwa saa. Mikono migumu kama chuma ikimsimamisha mara moja, ina tofauti gani na sakafu? Watoto wetu wanaijua siri hii bila kufundishwa. Mtazameni mtoto adakaye embe bivu litupwalo kutoka mtini: hairudishi mikono mbele kulipokea, bali huishusha pamoja na embe, ili mwendo wake upungue polepole. Asiyefanya hivyo hula embe lililopasuka.

Tuwe waadilifu: watungaji wengine wamelikumbuka jambo hili. Katika gazeti la picha la Spider-Man namba 121, la mwaka 1973, msichana Gwen Stacy aanguka kutoka darajani, na shujaa amnasa miguu kwa utando wake. Amemshika, lakini msichana amekwisha kufa. Baadaye wachapishaji waliwaeleza wasomaji kwamba kusimama kwa ghafula ndiko kulikomwua. Wasomaji wengi walihuzunika, lakini mara ile hesabu ilikuwa sahihi.

Superman mwenyewe alitokea mwaka 1938, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Hapo mwanzo hakuruka kama ndege. Aliruka kama panzi, mruko wa mita 200 hivi. (Lugha yetu ina neno moja kwa yote mawili, nayo yatusamehe kueleza.) Watungaji walitaka kuthibitisha nguvu zake kwa elimu, wakasema: mtazameni siafu, abebaye mizigo mara nyingi kuliko uzito wake, mtazameni panzi. Maneno hayo yapendeza, ila yana kosa ambalo Galileo alikwisha kulieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638. Ukimfanya mnyama kuwa mkubwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito wake waongezeka mara 8, lakini unene wa mifupa na misuli ichukuayo uzito huo waongezeka mara 4 tu. Mfanye siafu awe na kimo cha mtu: hatabeba gari, hata miguu yake mwenyewe itamshinda. Siafu ana nguvu kwa sababu ni mdogo.

Sisi hatukasiriki mtu akituambia hadithi. Sungura wa wazee wetu husema na simba, wala hatujamsikia mwalimu wa elimu ya wanyama akilalamika. Lakini hadithi ikivaa joho la sayansi, basi na tuipime kwa sayansi.

Kwa mfano, mabomu yapasukayo mbali kabisa angani na kunguruma: huko hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haina njia. Au ile filamu ya Superman ya mwaka 1978, ambamo shujaa huzunguka dunia kwa kasi mpaka dunia yageuza mzunguko wake, na wakati warudi nyuma. Ndugu zetu wa Butembo, walio karibu kabisa na ikweta, huchukuliwa na dunia kuelekea mashariki karibu kilomita 1,670 kila saa, nao wamekaa barazani. Dunia ikisimama ghafula, yatawapata yaleyale yawapatayo abiria wa lori dereva anapokanyaga breki, pamoja na nyumba zao na maji ya maziwa. Tena, je, wewe ukirudisha nyuma mishale ya saa yako, utakuwa kijana?

Makosa ya jiografia ndiyo yatuchomayo zaidi. Mwaka 1959 gazeti la shujaa Flash lilionyesha jiji la ngagi wenye akili, lililofichika «Afrika», na mwaka 1978 ngagi mwovu wa jiji hilo, Grodd, akaingia katika katuni za televisheni. Afrika ipi? Ngagi hawako kila mahali barani. Wako katika misitu ya upande wa magharibi, kama Kameruni na Gaboni, na huku kwetu mashariki, pamoja na Rwanda na Uganda. Na wale wa Kahuzi-Biega ni wa aina ipatikanayo mashariki mwa Kongo peke yake. Chakula chao ni majani, machipukizi na matunda. Mtoto wa Bukavu amfahamuye ngagi kwa katuni tu amenyang'anywa jirani yake.

Wakanda nayo, nchi iliyobuniwa mwaka 1966, watungaji wameisogeza huku na huku. Filamu ya mwaka 2018 yaiweka pande za Afrika Mashariki, lakini wenyeji wake wasema Kixhosa, lugha ya Afrika ya Kusini, ambayo nyumbani kwake ni zaidi ya kilomita 3,000 kutoka ikweta. Tulifurahi kusikia lugha ya Kiafrika ikisemwa kwa heshima katika sinema kubwa. Walakini, nani angethubutu kuwapa watu wa Ureno lugha ya Kirusi, akadhani hakuna atakayeona?

Kosa la kuruka, mtoto hulijua akianguka. Kosa la ramani halivunji mkono, ndiyo sababu hudumu miaka mingi.

Yule mdogo alirudi darasani mkono ukiwa bado katika plasta. Siku ya somo la jiografia alituuliza Wakanda ni mbali gani na Bunia. Tulimpeleka mbele ya ramani, tukamwambia aitafute mwenyewe. Akaanzia Aru, akaufuata mpaka wetu wa mashariki kwa kidole cha mkono wa kushoto mpaka Moba, akisoma kila jina kwa sauti, na wenzake wakawa wanasimama mmoja mmoja nyuma yake ili waone.