Programu ya Lishe Isiyojua Ugali

Haya jamaa, leo naacha mambo ya seva kidogo tuzungumze chakula. Chakula cha wakimbiaji.

Siku hizi kila mtu anauza lishe ya mtu binafsi. Unaingiza kwenye simu umri, uzito na unachokula, pengine unabandika na kifaa cha kupima sukari mkononi, kisha programu inakuambia ule nini na saa ngapi. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Eliud Kipchoge alipokimbia Berlin mwaka 2018 kwa saa 2:01:39, alikuwepo Claus-Henning Schulke, ambaye kazi yake ilikuwa kumkabidhi chupa zake njiani. Mwili hutumia glukosi ya kinywaji karibu gramu 60 kwa saa. Ikichanganywa na fruktosi yaweza kufika 90, ingawa kuna matumbo yanayokataa mapema zaidi. Hapo kweli kila mtu apimwe kivyake.

Shida ninayoiona iko ndani zaidi, kwenye hifadhidata.

Rafiki yangu anayefanya mazoezi Iten alinionyesha programu moja aliyokuwa nayo (jina silitaji). Nikatafuta ugali. Ulikuwepo: "kikombe kimoja". Jamani, nani hupima ugali kwa kikombe? Na ugali upi? Ule mgumu, au ule laini wenye maji mengi? Gramu 200 za huu na za ule hazina wanga sawa. Mursik haikuwepo kabisa. Chai ilikuwa ya rangi, maziwa uongeze mwenyewe. Kompyuta haina habari kwamba imedanganywa. Hujumlisha ilichopewa na kutoa jibu lenye desimali mbili, na wewe unaliamini kwa sababu ya hizo desimali.

Kisha likaja onyo jekundu: wanga umezidi, sukari imezidi.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti kuhusu chakula cha wakimbiaji 10 wa Kenya, katika wiki moja kabla ya majaribio ya mashindano ya dunia ya 2003. Asilimia 76.5 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga. Kwa wastani walikula kalori 2,987 kwa siku na kutumia 3,605. Yaani hawakuzidisha, wiki ile walipungukiwa! Programu iliyotungwa kwa ajili ya mtu wa ofisini anayetaka kupunguza tumbo ingewaambia wapunguze sukari kwenye chai. Kwa msichana anayekimbia asubuhi na jioni ushauri huo si mzaha. Mwili ukikosa nishati kwa muda mrefu hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, na msimu mzima unaweza kuishia kwenye ufa mdogo wa mfupa wa mguu.

Kazi ya msingi imeshaanza. Mwaka 2018 serikali ya Kenya na FAO zilitoa jedwali la virutubishi vya vyakula vyetu. Kilichobaki ni sisi waandika programu kulitumia, badala ya kunakili orodha ya Marekani na kuibandika bendera.

Tena kambini watu hula kutoka sufuria moja. Mpishi hawezi kupika vyakula 20 tofauti kwa sababu simu 20 zimesema hivyo. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ubinafsi wa lishe pale ni kiasi na saa: nani aongezewe siku ya mbio ndefu, nani anywe chai yenye sukari mara tu anapomaliza. Programu ya hivyo ni ndogo, hata simu ya bei rahisi ingeiendesha. Na data ikae kwa mkimbiaji mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini kijana anayetafuta mdhamini atabonyeza "nakubali" kwa lolote.

Mimi nimeshaanza kuingiza lile jedwali kwenye hifadhidata. Kama uko karibu na kambi yoyote na una mizani ya jikoni, niandikie. Nahitaji uzito wa kipande cha ugali kama kinavyokatwa pale, kabla hakijaliwa.