Je, mtoto wa Fizi lazima awe mkimbizi ndipo asome filozofia?

Baraka, kijana akipata diploma ya serikali, wazee wanamuuliza: "Sasa utasoma nini?" Akijibu udaktari, wote wanafurahi. Akijibu sheria, vilevile. Akisema filozofia, historia au fasihi, watu wananyamaza, halafu baba mkubwa anauliza: "Na hiyo itakulisha?"

Swali hilo si la kudharau. Mama anayeuza ndagala ili alipe makuta ya masomo ana haki ya kujua yanakwenda wapi. Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: kwa miaka mingi, Wakongomani wenzetu wamesoma masomo hayo katika chuo kikuu cha Marekani bila kupanda ndege. Walisomea katika kambi ya wakimbizi.

Kambi hiyo ni Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, Malawi. Zamani ilikuwa gereza. Ilitengwa kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani. Mwaka 2010 mpango wa Mapadri Wajezuiti ulianza kufundisha huko na katika kambi ya Kakuma, Kenya. Wanafunzi walikaa mbele ya kompyuta kambini, walimu wakiwafundisha kwa intaneti kutoka ng'ambo. Kwa muda wa miaka mitatu walisoma filozofia, maadili, historia, fasihi, hesabu na uandishi, na diploma ikatolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha mji wa Denver.

Nawapongeza waliofanya kazi hiyo. Lakini inaniuma kwamba chuo kikuu cha ng'ambo kilimfuata kijana wetu baada ya kukimbia, wakati ndugu yake aliyebaki Fizi hakufuatwa na mtu. Tusikubali kwamba mlango wa masomo ya juu ufunguke tu kwa yule aliyekwisha kupoteza nyumba yake.

Tena chuo cha ng'ambo kufungua tawi si jambo geni kwetu. Lovanium, iliyofunguliwa Kinshasa mwaka 1954, ilikuwa mtoto wa Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, Ubelgiji, na hata jina lake linatoka huko. Masomo yenyewe pia si mageni. Shule ya sekondari tunaiita humanités, na wazee wengi wanaoheshimiwa kwa barua zao nzuri walipitia latini-filo. Hakuna aliyewauliza kama latini inaliwa.

Kwa Fizi masomo haya yana kazi kubwa. Tuna migogoro ya mashamba ambayo historia yake kila upande unaisimulia kivyake. Tuna habari za uongo zinazopita kwenye simu asubuhi na kuwasha moto jioni. Babembe, Bafuliiru, Banyamulenge, Babuyu na wengine wanahitaji watu wanaoweza kusikiliza pande zote, kupima ushahidi na kuandika mapatano ambayo kila mmoja anaweza kuyasoma. Daktari anatibu risasi ikishaingia. Nani anafundishwa kuizuia isitoke?

Kuna wanaosema: vita kwanza viishe. Nawaelewa. Tangu M23 ilipoichukua Bukavu mwezi wa pili 2025, mzazi wa Fizi aliyezoea kumpeleka mtoto huko anafikiri mara mbili. Ndiyo maana masomo yanapaswa kusogea karibu. Kama gereza la zamani lililojaa watu kupita kiasi liliweza kuwa na chumba cha kompyuta, Baraka inashindwa nini? Chumba kimoja, paneli za jua, intaneti ya kuaminika na mwalimu wa kuwasimamia wanafunzi, vyote chini ya taasisi ya masomo ya juu iliyopo hapahapa.

Lakini chumba peke yake hakitoshi. Karatasi ya ng'ambo isiyotambuliwa na Kinshasa itamwacha kijana njiani. Diploma ile ya Regis ilikuwa na krediti 45, na digrii ya kwanza ya Marekani kwa kawaida huhitaji kama 120. Kwa hiyo si lisansi kamili, wala si karatasi tupu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu nayo imeingia katika mfumo wa LMD unaohesabu krediti. Sasa Wizara ya Masomo ya Juu inaweza kusema waziwazi mwenye krediti hizo anaingia mwaka wa ngapi, ili anayerudi kutoka Malawi, Kenya au Tanzania asianze tena sifuri.

Wabunge waliochaguliwa Fizi wana ombi rahisi la kupeleka Kinshasa: utaratibu wa ekivalansi unaoeleweka, wenye muda na bei inayojulikana, na faili ipokelewe hukuhuku Kivu ya Kusini. Wakuu wa taasisi zetu nao waandikie vyuo vilivyofundisha kambini, waviulize masharti ya kuja.

Na baba mkubwa tumjibu kwa heshima: filozofia peke yake haijazi sufuria. Lakini shamba linalogombaniwa kila msimu nalo halijazi.