Grafu Yako Ni Safi, Nyota Zako Ni Mayai

Wacha niseme hii kitu mnikasirikie tu. Kama darubini yako ina urefu wa fokasi wa milimita 2000 na bado unaiongoza kwa kale kadarubini ka juu yake, unajidanganya. Na wale wanaokuambia kamera ya pembeni, ile wanaiita OAG, "si ya watu wanaoanza" wanakupotezea usiku na pesa.

Tuanze na kazi yenyewe. Dunia inazunguka, kwa hivyo nyota zinahama angani digrii 15 kila saa. Stendi yenye mota inazifuata, lakini gia zake haziko sawa kabisa. Ndio maana kuna kamera ndogo inayoshika nyota, na programu kama PHD2, ambayo ni ya bure, inarekebisha stendi kila baada ya sekunde chache. Swali ni moja tu: hiyo kamera ndogo inaangalia kupitia wapi?

Kadarubini kana njia yake. OAG inaangalia kupitia darubini ile ile inayopiga picha. Prizimu ndogo inakaa ukingoni mwa mwanga, nje kidogo ya eneo la picha, na kurusha nyota kadhaa kando hadi kwa kamera ya kuongozea. Darubini ikiinama, kamera zote mbili zinaona.

Sasa hesabu. Chukua C8 ya Celestron, milimita 2032, na kamera yenye pikseli za mikroni 3.76. Kila pikseli inashika sekunde ya tao 0.38. Kadarubini kakiinama sekunde 2 tu za tao, nyota kwa picha yako imehama pikseli 5. Na kama skrubu zinazokashikilia ziko umbali wa sentimita 20, kuinama huko ni mikroni 2. Unywele wako ni mnene mara nyingi kuliko hapo. Hebu niambie utakaza hizo skrubu vipi.

Halafu kioo kikuu cha C8 huwa kinateleza kidogo darubini ikibadilisha upande. Kadarubini hakawezi kujua. Bado kanaona nyota yake vizuri, kwa hivyo PHD2 inakuchorea grafu laini, na picha inatoka na nyota za umbo la yai. Ukiuliza wazee wa vifaa, jibu ni lile lile: nunua stendi kubwa. Buda, stendi haijakukosea! Msee ameweka akiba mwaka mzima, na anaambiwa atibu mguu ilhali kinachouma ni jino.

Nikuwe fair: kwa darubini fupi ya milimita 300 au 400, kadarubini kanatosha. Kaa nako.

"Lakini OAG ni ngumu." Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya fizikia, na naiseti. Ugumu wote uko kwa mpangilio. Watu wanaenda nayo gizani moja kwa moja, wanazungusha kila kitu kwa wakati mmoja, halafu wanaitukana.

Ifanye mchana. Elekeza darubini kwa mlingoti wa simu ulio mbali, kilomita moja au zaidi, mbali kabisa na jua. Leta fokasi ya kamera kubwa kwanza, kisha usiguse fokasi tena. Sasa sukuma kamera ndogo ndani na nje ya shingo yake hadi ione vizuri pia, kisha kaza skrubu. Usiku utamalizia kwa nyota kwa utaratibu huo huo: kubwa kwanza, ndogo baadaye. Ukigeuza, utazunguka hadi asubuhi.

Prizimu iweke upande mrefu wa sensa, ishushe hadi karibu na eneo la picha bila kutupa kivuli. Ukiona giza ukingoni mwa picha, imeshuka sana. Kama unatumia ile lenzi ya kupunguza ya f/6.3, kumbuka inataka milimita 105 kutoka kwayo hadi kwa sensa, na unene wa OAG unahesabiwa humo ndani. Kwa PHD2 fungua profaili mpya, na uandike urefu wa fokasi wa darubini kubwa, si wa kale kadarubini ulikoondoa.

"Nyota za kuongozea ni chache." Ni kweli. Basi ongeza muda wa kila picha ya kuongozea hadi sekunde 3 au 4, au zungusha OAG pamoja na kamera. Zikionekana na mkia, tulia. Ziko ukingoni mwa mwanga, na PHD2 inatafuta katikati ya nyota, haitafuti urembo.

Na hapa kwetu tuna bahati ambayo maelekezo mengi ya mtandaoni hayataji, kwa sababu yanaanza na "tafuta Polaris". Nairobi iko digrii 1.3 hivi kusini mwa ikweta, Polaris iko chini ya upeo wa macho. Lakini PHD2 inataka ufanye kalibresheni karibu na ikweta ya anga, na hiyo inapita karibu juu ya kichwa chako. Chagua nyota iliyo kando kidogo ya utosi, ndio kamera isigonge mguu wa stendi.

Usiku safi usio na mwezi ni wachache, na nauli ya Magadi si ya bure. Mtu akikwambia OAG bado si size yako, usibishane. Mwambie akuonyeshe picha yake moja ya dakika 5, aikuze hadi pembeni. Grafu abaki nayo.