KUTOKA KLINIKI, SEHEMU YA 9: Mtoto mmoja, mstari mmoja

Mama zangu, na kina baba mnaosoma kimyakimya, leo tuongee kuhusu mstari wa mtoto kwenye rejista.

Mtoto akianza kliniki anafunguliwa mstari wake: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, simu, mtaa. Chanjo zote zinajazwa humohumo: BCG na polio akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua-rubela miezi 9 na miezi 18. Iwe kwenye daftari au kwenye kishikwambi, kanuni ni ileile.

Shida ni kwamba kuongeza mstari ni rahisi mno. Kwenye kompyuta ni amri moja tu, mstari mpya unabandikwa chini ya jedwali. Amri hiyo inaangalia jina likae chini ya jina, tarehe chini ya tarehe, basi. Haiulizi, "Huyu si ndo yule wa juu?" Swali hilo ni la binadamu.

Sasa huku kwetu tunahama sana. Leo mko Nyasubi, baba anasikia kuna rashi ya dhahabu upande wa Geita, mnahamia Katoro. Kadi imepotelea njiani. Mama anaogopa kufokewa, anasema mtoto hajawahi kuchanjwa. Anafunguliwa mstari mpya. Mtoto mmoja amekuwa wawili: Nyasubi anahesabiwa mtoro, Katoro anaonekana hajaanza kabisa.

Utasema, kuna ubaya gani? Kwanza anachomwa tena sindano alizokwisha kupata. Mara nyingi haina hatari, ila mtoto analia bure. Kubwa zaidi, mhudumu wa afya ya jamii anazunguka mtaani kumtafuta mtoto hewa, huku yule ambaye kweli hajachanjwa amejificha katikati ya majina hayo. Surua ikiingia mtaani, itaanza na huyo.

Upande wa pili kuna Kulwa na Doto. Mama mmoja, tarehe moja, simu moja. Mwenye haraka ataona mstari umejirudia, atafuta mmoja. Mapacha wana haki ya mistari miwili na kadi mbili. Usije na kadi moja ukasema ni ya wote.

Maoni yangu: tusianze kumlaumu mama. Wauguzi wenzangu, tukifoka kwa sababu ya kadi, tunafundisha watu kudanganya. Tutafute kwanza kwa jina la mama, simu na tarehe ya kuzaliwa. Tukimkosa, hapo ndo tuongeze mstari.

Na wewe mama:
1. Piga picha kadi, kurasa zote. Mtumie na baba.
2. Kama nyumbani anaitwa Masanja na kanisani Emmanuel, kliniki taja lililo kwenye kadi.
3. Ukihama, waage kliniki. Waambie unakoelekea.
4. Kadi ikipotea, sema imepotea, na utaje kituo alichochanjwa mara ya mwisho.

Kadi ya mwanao iko wapi sasa hivi? Nenda kaiangalie kwanza, halafu uje tuongee kwenye komenti.